Pita, Usipite

Sjur aliileta imeviringishwa kwa shuka,
Jumanne, theluji ya kwanza ikiwa bado haijaamua.
"Ya babu," alisema. "Alimpora Mjerumani
kule darajani, usiku, bila mwezi."
Kisha akavua glavu, akauliza bei.

Miaka thelathini na moja nafanya kazi hii Rendalen.
Kila bunduki inayoingia kwangu ina daraja lake
na usiku wake.

Mtu aliikata kwa msumeno, tena kwa pupa:
ubao wa mbele hakuna, kilengeo cha nyuma hakuna,
kitako kimechongwa upya, kikapakwa vanishi ya milango.
Ilikuwa askari, ikalazimishwa kuwa mwindaji,
kama mtu aliyevishwa suti ya marehemu.

Juu ya chemba palikuwa na tai. Tupa ilimpitia,
limebaki bawa moja.
Herufi tatu ndogo: kiwanda.
Tarakimu mbili: arobaini na tatu.
Nambari ya boliti si nambari ya mwili;
ndoa ya ghalani hiyo, ya vipuri vilivyookotana.

Nikalegeza skrubu, nikanyanyua chuma kutoka kwenye mbao,
nikafuta uchafu wa miaka kwa mafuta ya taa.
Na ubavuni, pale mti wa jozi ulipoficha,
mhuri wa jeshi letu wenyewe.
Zilisalimishwa, zikahesabiwa, zikagongwa, zikauzwa.
Bunduki iliyoporwa usiku
haipigwi mhuri mchana.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Hii imetembea miaka sabini
na miguu haijavimba.

Mtutu wenyewe ulikuwa umekufa.
Niliuelekeza kwenye taa: mifereji imeliwa,
kutu imejaa kama tumbaku kwenye kiko.
Risasi ingetoka humo kama mlevi,
ikiomba radhi kuta zote.

Siku mbili nikazinywesha hesi mafuta.
Siku ya tatu nikaubana kwenye jiliwa,
nikaning'inia kwenye spana,
Oddleif, mume wangu, akaning'inia nami.
Chuma kikalia mara moja, ta!
kisha kikakubali.

Mtutu mpya ulikuja kwa posta, umejaa grisi,
hauna mwaka, hauna tai,
hauna babu.

Nina vipimo viwili, kila kimoja kama kidole gumba.
Cha kwanza huitwa Pita: boliti sharti ifunge.
Cha pili Usipite: sharti igome.
Kati yao hakuna hata unene wa ukucha,
na humo ndimo mtu huweka shavu lake
akarudi nyumbani na macho mawili.
Ilifunga. Nikabadilisha kipimo.
Mpini ukasimama nusu njia, ukakataa katakata.

Sjur alipokuja nilimwonyesha mhuri.
Aliusoma kwa kidole, polepole, kama anayegusa kidonda cha mwingine.
Nje, garini, baba yake Halvdan,
themanini na tatu, blanketi hadi kidevuni,
alitazama mlango wangu kama wanaosubiri majibu ya daktari.
"Rudisha mbao," Sjur alisema. "Kaza.
Mzee asijue."

Nikakaza.

Wakati anahesabu noti kwa Oddleif
nilimpelekea mzee mtutu wa zamani, aliuomba mwenyewe.
Aliulaza mapajani, akaunusa,
akashusha kioo kidogo zaidi.
"Baiskeli," aliniambia.
"Baba aliuza baiskeli akainunua, na viazi nusu gunia juu.
Majira mawili nilikwenda shule kwa miguu."
Akatazama nyuma yangu, kwenye mlango.
"Sjur asijue."

Kwenye ankara nimeandika: mtutu mmoja,
kazi ya siku tatu, mafuta.
Na robo ya elgi, akiangushwa,
bila mifupa.