Kopo la Tatu

Mpilipili wa kopo la tatu unaniaibisha.
Wageni wakiingia saloni wanautazama huo kwanza,
ndipo wanisalimie.
Majani yamekuwa manjano, wala si manjano ya uzee,
maana mishipa imebaki kijani,
mito ya ramani juu ya karatasi ya mkate.

Nilianza na maji.
Nilichomeka kidole hadi pingili ya pili:
si tope, si vumbi.
Nikapindua kopo, nikauomba mti radhi, nikanusa mizizi.
Haikunuka uozo. Ilikuwa mifupi tu, minene, myeusi nchani,
vidole vya mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Basi ni mwanga.
Nikausogeza dirishani, pale jua linapopenya
kati ya ukuta wa Mama Kyalwe na bati letu,
saa tatu kwa siku, hapa Katuba hatupewi zaidi.
Kila asubuhi nikaugeuza robo.
Majani mapya yakatoka manjano tayari.

Nikavaa miwani ya marehemu shemeji,
nikapekua migongo ya majani kutafuta vidukari.
Nilipata watatu.
Watatu hawaui mti.
Nikawaosha kwa sabuni hata hivyo, kwa hasira.

Mama Kyalwe akasema: ni jicho hilo, funga kitambaa chekundu.
Mwanangu Ngosa, wa darasa la sita, akasema: ni njaa.
Nikaupa majivu, nikaupa maganda ya mayai yaliyotwangwa.
Na kitambaa nilifunga, sitaki kudanganya.

Mwisho nikafanya anavyofanya fundi Kaumba na redio za watu.
Halaumu kila waya.
Hutafuta redio nzima ya aina ileile,
huziweka mbili mezani, huuliza: zimeachana wapi?

Kopo la tano ni zima.
Mbegu ileile, udongo uleule wa kichuguu
tulioletewa kwa baiskeli kutoka njia ya Kasenga.
Liko kando ya kitanda cha mama mkwe.
Yeye hunywa nusu glasi,
nusu huumwagia mti akidhani sioni.
Maji ya kunywa.

Na la tatu?
Bomba likikauka siku nne, nyumba hii haitupi tone.
La tatu hunyweshwa maji ya karai,
suuzo la mwisho, lisilo na povu,
safi machoni.
Karai la Jumamosi. Nguo za nani, Jumamosi?

Nikaliacha usiku kucha chini ya meza.
Asubuhi nikayamwaga maji polepole, polepole,
na chini pakabaki unga mwembamba
wa kijani kilekile cha mawe
ambayo Kapya huyaleta mfukoni kutoka shimoni
kuwaonyesha watoto.

Ovaroli ile ameivaa miaka tisa.
Huja nayo hadi mezani, hukunja mikono, humega bukari.
Siku hizi anakohoa kabla ya jogoo.
Anasema ni baridi ya Juni.
Tuko Oktoba.

Nilikaa na kopo mapajani
nikihesabu majani, kama ahesabuye chenji
akijua amekwisha kupunjwa.
Dawa ya mti naijua:
suuza mizizi, badilisha udongo,
maji safi, subira ya wiki tatu.
Nimeshaanza. Kuna kijani kidogo kwenye kikonyo,
sijamwambia mtu.

Leo Jumamosi nimeifua ovaroli peke yake.
Karai limejaa.
Kushoto, matuta ya lengalenga ya Mama Kyalwe.
Kulia, mtaro, na Ngosa na wenzake miguu mitupu
wakiufuata mpira ndani yake.
Nimesimama mlangoni, mikono imelowa,
na Kapya, kutoka ndani, kati ya kikohozi na kikohozi,
ananiuliza mbona simwagi.