Pumziko Nalo Huhesabiwa

Siku ya kwanza Mwalimu Sostenesi Nangomwa
alituingiza kwenye ghala la karanga, Nachingwea,
lile lililobaki reli ilipong'olewa,
akatuambia: kaeni. Msipige kitu.
Tukasikia popo darini, bati likitanuka kwa jua,
lori la korosho likibadili gia kuelekea Masasi.
"Hiyo ndiyo okestra," akasema. "Ninyi mmechelewa kuingia."

Tulicheka. Tulikuwa kidato cha pili,
tukijua fimbo ya mwalimu ni ya kazi gani.
Yake ilikuwa nyembamba, ya mpingo,
aliichonga mwenyewe kwa kigae cha chupa,
na miaka thelathini na moja haikugusa mgongo wa mtu.
(Iligusa meza. Meza ile ina vidonda.)

Asubuhi alifundisha hesabu,
sehemu ubaoni kwa chaki inayokatika.
Jioni sehemu zilezile zilipumua:
nusu ikavutwa kwenye uzi wa fidla,
na Blandina Chitanda, aliyepata sifuri mtihani wa mwezi,
akagawa moja kwa nane bila kukosea,
kwa midomo, kwenye tarumbeta.

Sanduku lilipokuja kutoka ng'ambo
alilifungua kwa bisibisi, akatoa klarineti,
akainusa kabla ya kuipuliza.
"Mpingo. Huyu katoka hapahapa,
Kilimarondo huko au jirani yake,
kaenda shule Ulaya, karudi na vyuma mwilini."
Akampa Issa Likwata, mwana wa mpasua magogo.
"Msalimie mjomba wako."
Wiki tatu Issa hakupata sauti.
Ilitoka Jumanne, mbaya, kama ya bata;
Mwalimu akafumba macho kama aliyepewa maji.

Msimu wa salfa tulipiga tukikohoa.
Nyuzi zikikatika alingoja korosho zake, ekari mbili;
mnada ukichelewa, na simfoni ilichelewa.
Walimhamishia Liwale. Alirudi kila Ijumaa kwa pikipiki,
vumbi mpaka kwenye nyusi.
Mkaguzi aliandika: *Mwalimu alikutwa akipunga hewa.*
Karatasi ile aliibandika ukutani.

Na kweli, mtu yule mbele ya wote, kola imelowa,
hakuwa na sauti hata moja iliyo yake.
Huyu alimfungulia mlango, yule alimzuia kwa kiganja,
makofi yalipokuja akasogea pembeni yatupate sisi.

Mimi nilipiga ngoma kubwa:
vipimo hamsini na nane kimya, kisha pigo moja.
Nikamuuliza, humo katikati nifanye nini?
"Hesabu. Pumziko nalo huhesabiwa."
Nimemuuguza mama kwa neno hilo.
Nimengoja kazi kwa neno hilo, na kazi yenyewe haikuja.

Siku ya kustaafu tulimkalisha nyuma, karibu na mlango.
Akaikalia mikono yake yote miwili
kama mtoto aliyekatazwa kugusa sinia.
Somoe, mwanafunzi wake wa mwisho,
alipanda juu ya kreti la soda, fimbo ile mkononi.

Tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tatu.
Hapo klarineti ilipaswa kuingia,
na Issa, mtu mzima sasa, kipara kinang'aa,
alikuwa anamtazama mzee badala ya Somoe.
Kimya kikarefuka. Popo akajisogeza.

Kule mlangoni kikatoka kikohozi kimoja, kikavu,
juu ya pigo lenyewe.

Issa akaingia.