Somo la Tatu

Machinjioni walinipa bure, ndani ya mfuko wa plastiki:
mapafu ya kondoo, mazima, koo likining'inia.
Nikapanda nayo basi la saa moja asubuhi.
Punta Arenas bado giza, upepo ukikimbiza mapipa ya taka
barabarani kama wanafunzi waliochelewa.
Abiria jirani akaugusa mfuko kwa goti.
"Chakula cha mbwa?"
"Somo la tatu," nikamjibu.

Mwongozo wa wizara ulikuwa mezani, kurasa arobaini na mbili.
Ukurasa wa kumi na tisa: *Mfundishe kijana kusema Hapana.*
Nimewahi kuwasikia wakiisema, hiyo Hapana, darasa zima kwa pamoja,
kama watu wanaosoma bei ukutani.

Nikachomeka mrija wa pampu ya baiskeli. Nikapiga.
Mapafu yakaamka,
rangi ya waridi, yakajaa meza, yakasukuma daftari la mahudhurio.
Wakapiga kelele. Renato akatoka, kutapika au kuvuta, sijui.
"Nani atayashika?"
Nahuel. Yule ambaye kalamu yake ya mvuke
ilidondoka wiki iliyopita ikaviringika hadi kiatuni mwangu,
ikinukia embe, tunda ambalo kwetu huja ndani ya kopo.
Aliyapokea kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa dada yake.
"Mepesi," akasema. "Nilidhani ni mazito."

Kisha Maite, kutoka nyuma, bila kunyoosha mkono:
"Na wewe, mwalimu, uliacha lini?"

Koti langu lilikuwa kitini. Mfukoni, pakiti, imebaki nusu.
Ningeweza kudanganya; nina miaka ishirini na sita kazini,
na uongo wa mwalimu huvaa tai.
"Jumanne," nikasema.
"Jumanne ipi?"
"Jana. Na Jumanne nyingine nyingi kabla ya jana."

Hapo ndipo waliponyamaza. Si kwa heshima. Kwa udadisi.
Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.
Waliuliza yale ambayo watu huyauliza wakitazama viatu vyao.
Na mmoja: mtu akizimia kwa pombe, unamlaza vipi?

Sikutafuta ukurasa. Nililala sakafuni mwenyewe na sketi yangu ya sufu,
ubavu wa kushoto, goti mbele, kiganja chini ya shavu,
mdomo uelekee chini, matapishi yapate njia.
"Usimwache peke yake. Usimmwagie maji baridi.
Piga simu, hata kama mtaadhibiwa. Hasa kama mtaadhibiwa."
Wakajaribu wawiliwawili kati ya madawati,
wakitekenyana, wakichafua sare.

Jumamosi, saa tisa usiku, simu.
Sauti ya Maite, na upepo wa mlangobahari ndani yake.
"Ni Renato. Tumemlaza ubavu wa kushoto. Gari la wagonjwa linakuja."
"Anapumua?"
"Anapumua. Nimhesabie?"
Sijui kwa nini aliuliza. Sikuwa nimefundisha kuhesabu.
"Mhesabie," nikasema. "Kwa sauti."

Nikasimama jikoni, miguu peku, nikisikiliza
pumzi za mtoto wa mtu zikitajwa moja moja.
Pakiti ilikuwa juu ya friji. Niliiona. Haikusema kitu.
Sitini na mbili. Sitini na tatu.
Mahali fulani hapo Nahuel alisikika akilia.
Alipofika mia na nne king'ora kikasikika,
kikakaribia, kikazima,
na Maite hakuacha kuhesabu.