Cha Shahada

Mkono wangu ulilelewa na mpini wa pikipiki:
kaza, zungusha, kaza tena,
toka Essence mpaka Kadutu katika tope la Machi,
mkono wa kung'ang'ania.

Kwa hiyo siku Cirhuza aliponikabidhi rimoti
juu ya Karhale, saa tisa,
upepo wa ziwa ukiupanda mteremko
kama mteja asiye na haraka ya kufika,
nilikishika kijiti kama ninavyoshika breki.

Ndege yake haina injini.
Mabawa ni sponji ya masanduku ya chanjo,
mifupa ni mbavu za mwavuli uliokufa,
puani msumari wa nchi nne, ili isiinue kichwa kwa majivuno.
Ilipaa. Ikauonja mkono wangu.
Ikaenda kulala katika maharage ya Mama Nsimire.

Cirhuza hakugomba. Yeye ni fundi wa redio,
amezoea vitu vinavyonyamaza.
Akabandika bawa kwa gundi, akapuliza, akasema:

"Kidole gumba peke yake ni chifu.
Kinaamuru kwanza, kisha kinafikiri.
Kiwekee mwenzake. Cha shahada kikae nyuma ya kijiti,
kishuhudie.
Umewahi kukamata panzi
usimng'oe mguu?
Basi."

Akafungua rimoti kwa bisibisi,
akalegeza springi robo mzunguko, labda pungufu ya robo.

Nikashika panzi.

Nilidhani upepo ungenijia mkononi.
Hauji. Kijiti hakikuambii kitu,
ni plastiki tu, hata ndege ikiwa inakufa.
Macho ndiyo yanayopapasa:
mkia umezama kidogo, bawa la kulia limechoka,
na vidole vinajibu kwa unene wa ukucha,
halafu nusu ya ukucha,
halafu kwa kutaka tu.

Ikienda mbali, kulia ni kulia.
Ikigeuka kunitazama, dunia inapinduka,
nami nikapiga kelele kama abiria.
"Acha kuhesabu mikono," akasema Cirhuza.
"Bawa gani limeinama? Peleka kijiti upande huo huo,
kama unavyotia jiwe chini ya meza
yenye mguu mfupi."

Nikatia jiwe.
Meza ikasimama, angani, juu ya mabati ya Kadutu,
juu ya moshi wa makala na kengele ya shule,
ziwa likiwa bati jingine, kubwa zaidi, huko chini.

Mwewe akaja kuangalia.
Akazunguka nasi mara mbili, mabawa hayapigi,
mkia tu anausokota, hivi,
kama mtu anayetafuta stesheni.
"Mwangalie," Cirhuza akanong'ona, "naye hakazi."

Kisha akanifundisha lililo gumu kuliko yote:
kuvitoa vidole.
Nilihesabu mpaka kumi na moja.
Kumi na moja nzima, sikugusa chochote,
na ndege ikaendelea kuwa ndege.
Jasho lilinitoka kuliko siku ya kusukuma pikipiki
kutoka Panzi, tairi zote mbili zikiwa hazina hewa.

Jumatatu, Place Major Vangu, mvua imeshanyesha.
Mama mmoja ana trei nne za mayai.
Wenzangu wamemkataa; mmoja amecheka waziwazi.
"Panda," nikamwambia.

Mteremko unateleza kama sabuni.
Klachi, kwa vidole viwili.
Breki, unene wa ukucha.
Pikipiki ikiegemea kushoto, natia jiwe.
Pale penye shimo la mfereji, sikufanya kitu;
nilihesabu mpaka tatu
nikaiacha ipite.

Tulipofika alifunua nailoni, akahesabu polepole,
trei baada ya trei, midomo ikicheza.
Moja lilikuwa na ufa.
"Hili nililinunua hivyo," akasema, akanilipa,
akatazama mikono yangu kidogo,
akaingia ndani.