Sekunde Ishirini na Tatu

Hatibu Shekalaghe alikuja saa nne na nusu,
viatu vyeupe kwa vumbi la chokaa ya Amboni,
kadi ya memori kaifunga ndani ya risiti ya luku,
na risiti kaifunga ndani ya leso.
"Fundi, humu mna video. Sijui ya nani.
Nataka uniambie ilikotoka."

Mimi kazi yangu ni vioo na chaji.
Kibanda changu kiko Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
ubavuni kwa muuza mihogo ya nazi.
Asili za watu siulizi.
Lakini asubuhi ilikuwa tupu, nikaipachika.

Faili moja tu. Jina lake herufi tatu na namba,
kama mfungwa.
Tarehe: mosi Januari, elfu moja mia tisa na sabini,
siku ambayo simu zote zisizojua siku
hujidai ndipo zilipozaliwa.
Picha upana wake kidole gumba;
ukiikuza, ukuta unakuwa vigae.
Hii, nikamwambia, ni simu ya vitufe,
ya zama zile tukirushiana nyimbo
simu mbili zimelazwa paji kwa paji.
Zaidi ya hapo faili halisemi.
Limefuta nyayo, au halikuwahi kuwa na miguu.

Tukaitazama.
Ua. Pipa la maji, kutu ubavuni.
Kuku mwekundu, kishingo, anapekua
chini ya kamba isiyo na nguo.
Picha inatikisika, inapanda, mbingu kidogo, inashuka.
Hakuna mtu.
Nani huyo wa kumaliza chaji kwa ua mtupu?

Mara ya pili nikamwambia afumbe macho.
Mara ya tatu nikafumba mimi.
Nyuma ya kuku kulikuwa na kengele ya baiskeli,
kisha mwadhini,
naye nilimjua kabla hajamaliza neno:
Maalim Zuberi wa msikiti wa Kumi na Sita,
aliyekuwa akiivuta "hayya" mpaka sisi watoto tunabana pumzi
tuone nani ataachia kwanza, sisi au yeye.
Alifariki mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji.
Basi ni kabla ya hapo.
Basi ni hapa hapa,
mwendo wa sauti moja kutoka kibandani.

Hatibu anaikunja leso, anaikunjua.

Nikachomeka spika kubwa, ile ya harusi,
nikafunga mlango; muuza mihogo akaguna.
Sekunde ya ishirini na moja, chini ya adhana,
mkwaruzo, kidole kikisugua maiki,
na sauti ya mwanamume, karibu mno,
kama anayejisemea nyuma ya shingo zetu:
"Inashika hii, au haishiki?"

Kisha giza.

Nilitaka kusema: mtu alikuwa anajaribu simu mpya, basi.
Nikamtazama, nikanyamaza.
Ameweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
"Rudisha."
Tulirudisha hadi sufuria ya jirani ikakwanguliwa.

Baba yake, alinieleza baadaye, bado amesimama,
aliacha picha mbili za pasipoti na koti moja.
Sauti hakuna aliyefikiria kuiweka.
Ilikuwa tele wakati ule:
ya kukemea, ya kuitisha chai,
ya kuuliza nani kahamisha koleo.

Nikamwuliza faili tuliite nani.
Akafikiri muda mrefu kuliko video yenyewe.
"Liache na namba zake.
Tarehe ndiyo urekebishe. Sabini hata yeye hajazaliwa."

Niandike lini?

"Kuku yule," akasema, na hapo tu ndipo nikayaona meno yake,
"tulimla Idi kubwa, nikiwa darasa la tano.
Andika siku mbili kabla.
Mwone anavyopekua. Bado hajui."