Hatua Arobaini na Moja

Daraja letu lina rangi mbili.
Nusu lami nyeusi, nusu kijivu,
na pale zinapokutana pana ufa mwembamba
ambao matairi huuruka bila kuuona.
Ng'ambo ya ufa ni jimbo jingine.
Ng'ambo, mtoto wa miaka kumi na mitatu
hushika bunduki ya kuwindia kulungu
na watu wakampiga picha, ulimi wa mnyama ukining'inia.
Huku, mtoto yuleyule, bunduki ileile,
ni kosa, ni faili, ni namba.

Sikulijua hilo. Nasema kweli.
Mimi nafua mashuka ya hospitali zamu ya usiku;
sheria naijua kama niujuavyo mto:
upo, unapita,
siku moja unaingia jikoni.

Jumamosi ile ya Novemba kaka yangu Delmar
alimchukua Tobin alfajiri.
Walishinda wakila baridi, wakarudi bila hata sungura.
Upande wetu Delmar akaegesha gari mbele ya duka la Hagerty,
akaingia kununua kahawa.
Tobin akabaki. Akaitoa bunduki mfukoni mwake
aipanguse theluji, maana ndivyo alivyofundishwa:
chuma hakilali na maji.
Basi. Hilo ndilo alilolifanya.
Mwanamke mmoja akaona mtoto na mtutu,
akapiga simu, na simlaumu.
Mwaka juzi, mjini kwetu, tulizika.

Mahakamani wakasoma kifungu:
mtoto asiwe na silaha mkononi
isipokuwa mtu mzima yupo karibu.
Karibu!
Wakaligeuza neno hilo kama samaki kikaangoni.
Wakili wetu akasema karibu ni umbali wa sauti.
Mwendesha mashtaka akasema ni umbali wa mkono.
Jaji Ostrander akavua miwani, akaifuta kwa joho,
akamtuma karani akapime kwa miguu
toka mlango wa duka hadi lilipokuwa gari.
Tukamngoja. Tobin kimya, tai ya kuazima imemkaba,
anahesabu, nadhani, vigae vya dari.
Karani akarudi na theluji viatuni:
arobaini na moja.

Arobaini na moja si karibu, akasema jaji.
Akampa Tobin miezi sita ya kuripoti kila Jumatatu,
na bunduki ya marehemu baba ikabaki kwao,
kikaratasi kimefungwa kwenye kifyatulio
kama mguu wa maiti.
Delmar alilia. Sijawahi kumwona Delmar akilia,
hata siku ya kumzika mwenye bunduki.

Usiku ule nilikuwa na zamu; sikwenda.
Nilisimama mlangoni kwa Junie, ana miaka mitano,
hulala na soksi moja, nyingine huitupa.
Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini.
Najua kwa nini.
Toka kitanda chake hadi droo iliyo kando ya kitanda changu,
nilikoiweka bastola tangu mume wangu aondoke,
chini ya bili za umeme:
hatua tisa.
Hizo ni zangu. Zake labda kumi na tano.

Asubuhi nikampigia wakili.
Sheria inasemaje kuhusu droo?
Nikasikia kurasa.
Jimbo hili, akasema, halisemi kitu kuhusu droo.
Na ng'ambo?
Ng'ambo wanasema. Lakini wewe huishi ng'ambo.

Nimenunua kisanduku cha chuma, bei ya viatu vya watoto wawili.
Ufunguo nauvaa shingoni;
nikiinamia mashine unatoka kwenye blauzi,
unabembea juu ya mashuka ya watu nisiowajua.

Kila Jumatatu Tobin akivaa koti huniuliza,
Mama, kwani karibu ni hatua ngapi?
Mkeka wetu wa mlangoni umeandikwa neno hilohilo,
herufi zimeliwa na viatu, imebaki *ka* na nusu ya *bu*.
Namwambia ajifunge zipu,
basi halimngoji mtu.