Neno la Barua, Ngomeni

Mwingereza ameandika neno refu juu ya kiwanda chetu cha mkonge.
Bibi Evanthia analitaka kwa Kigiriki, mumewe alisome kitandani.
"Karani Shemdoe, ni fujo?"
Fujo ina kelele, bibi. Hili limenyamaza.
"Ghasia?"
Ghasia ina watu.
"Vurugu, basi?"
Vurugu ina mkono uliokoroga.

Anapangusa miwani. Kwao, anasema, kuna khaos:
zamani haikuwa mchafuko, ilikuwa mwanya tu,
kinywa kikipiga mwayo kabla ya dunia.

Dirishani singa zimelala matopeni, hakuna wa kuzianika.
Daftari ninalo mimi: mshahara ulioandikwa,
mshahara uliolipwa,
na kati yao

"Shaghalabaghala," nasema. "Andika hilo."
Anacheka, analiandika kwa herufi za kwao,
linajaa mstari mzima.